TAHADHARI: kuna jamaa anauza rupia za Mjerumani Arusha na Moshi, ni feki

Wadau mnaokusanya sarafu za zamani za silva, hasa nyie mlioanza juzijuzi na bajeti ndogo, naomba msome hii kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna jamaa anazunguka Arusha na Moshi, kila mara ana laini mpya, anauza mfuko wa rupia za Mjerumani kwa laki tatu. Stori yake ni ileile, babu yake alikuwa kibarua wa Wajerumani, vita ilipofika wakafukia chungu, na sasa wanachimba shimo la choo wamekikuta. Huku kwetu hadithi za mali ya Mjerumani tumezisikia tangu utotoni, boma lao lipo pale mjini Arusha tunalipita kila siku, kwa hiyo mtu akisimuliwa hivyo moyo unakubali haraka, na huyu jamaa analijua hilo vizuri sana.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mnakutana stendi, ukimwambia nataka kupima kwanza hakatai, tena anakusindikiza mwenyewe mpaka kwa sonara. Anatoa moja, sonara anakwaruza anaweka asidi, kweli silva. Ile moja ni halali kabisa, ndo chambo. Mfuko unaokuja kupewa ukishalipa hauna hata moja ya hivyo. Mdogo wangu wa Moshi kaliwa namna hii, hela aliyoiweka kidogokidogo muda mrefu, na mpaka leo inaniuma.

Aliponiletea nikaziweka kwenye mizani. Rupia halali ya Mjerumani, iwe ile ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanza kupigwa 1890, au ile ya serikali ya kuanzia 1904, ina gramu 11.66 na silva yake ni 917 kwa 1000. Ikichakaa inapungua kidogo tu, lakini hizi zilikuwa zinasoma gramu 9 na kitu, zote. Nikazipanga mezani nikachukua lenzi. Zote mwaka mmoja, na zote zina mkwaruzo mdogo uleule begani kwa Kaiser, yule mfalme wa Ujerumani mwenye picha kwenye sarafu, urefu uleule, umelalia upande uleule. Sarafu zilizopita mikononi mwa watu tofauti haziwezi kukwaruzika sehemu moja hivyo, maana yake zimemiminwa kwenye kalibu moja. Ukingoni kuna mstari wa pale kalibu inapokutana, na yule tai wa juu ya kofia, kwa kuwa ameinuka, weupe umeshamtoka unaona unjano wa shaba kwa chini.

Msitegemee sumaku jamani. Sumaku inakamata za chuma tu, shaba haivutwi na silva haivutwi, kwa hiyo feki ya shaba inapita bila shida. Hata asidi ikiwekwa juujuu bila kukwaruza kwa kina inapima ile rangi iliyopakwa. Kipimo ninachokiamini ni cha maji, na mizani ndogo za sonara siku hizi si ghali. Pima sarafu, andika uzito. Weka kikombe cha maji juu ya mizani urudishe sifuri, funga sarafu kwa uzi uizamishe bila kugusa chini wala pembeni, soma namba. Gawanya ule uzito kwa hiyo namba. Rupia ya silva inakupa 10 na pointi kidogo, za shaba zinakuja 8 na kitu. Na pima ZOTE, usipime aliyokuchagulia yeye.

Huyohuyo anauza pia shilingi za Afrika Mashariki, zile za simba na milima, anasema zote ni silva. Sio kweli. Za 1921 hadi 1925 za mfalme wa Uingereza George V, na za George VI kuanzia 1937 hadi 1946, ndo zina silva, nayo ni robo tu, yaani kwenye gramu 7.78 unapata kama gramu 2 hivi. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, simba ni yuleyule lakini silva hamna. Kwa anayeanza hizi za robo ni nzuri sana, hazina bei kubwa na ni historia yetu wenyewe, ila soma mwaka kwanza.

Akikuletea reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya silva yenye sura ya malkia wa Austria, akakwambia ina miaka zaidi ya mia mbili kwa sababu imeandikwa 1780, usilipie huo umri. Ziliendelea kupigwa miaka na miaka baada ya hapo na zote zinaandikwa 1780. Halali ina gramu 28 na silva 833, lipia silva yake basi.

Wa mbali anawaambia tuma elfu hamsini ya kuweka oda, mzigo unapanda basi la jioni. Ukishatuma simu haipatikani. Msitume.

Tumeshatoa taarifa polisi Moshi na sarafu tumeziacha kule. Kama na wewe unazo zenye huo mkwaruzo begani, tafadhali usimuuzie mwenzio ili urudishe hela yako, peleka na wewe ukaandikishe, na ile meseji ya muamala usiifute.