Pete za sinkronaiza na oili ya GL-4: miezi minane baada ya kufungua giaboksi

Krrr! Kila nikirudisha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili, hasa nikikaribia kona, giaboksi ilikwaruza kama mtu anayeparura ukoko kwenye sufuria. Niliishi na sauti hiyo karibu mwaka mzima. Abiria wangu wote walikuwa na maoni, na maoni yao yalikuwa mamoja: hujui kuendesha.

Fundi wa kwanza alisema ni klachi. Tukabadilisha seti nzima, yaani klachi pleti, presha na beringi yake. Krrr ikabaki palepale. Laiti ningejua mapema: klachi isiyoachia vizuri huzisumbua gia zote, na rivasi ndiyo hulalamika kwanza, kwa kuwa kwenye magari mengi gia hiyo haina sinkronaiza, yaani kifaa cha kulinganisha kasi kabla gia haijaingia. Langu lilikuwa linakataa gia moja tu. Klachi haichagui gia ya kuionea.

Fundi wa pili, ambaye ndiye ninayeandika tathmini hii kumhusu, alishusha giaboksi, akaifungua mbele yangu, akanipa pete ya sinkronaiza ya gia ya pili niishike. Ni kadude kadogo ukilinganisha na lawama zote nilizobeba. Pete ya shaba ya manjano, inaenea kiganjani; nje ina meno mafupi yenye ncha, ndani imechongwa umbo la koni. Akaweka mpya kando yake. Ile mpya, upande wa ndani ina mifereji myembamba kama ya uzi wa skrubu, ambayo kazi yake ni kukata utando wa oili ili shaba iweze kung'ang'ania chuma. Yangu ilikuwa laini kama pete ya ndoa ya bibi yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yake. Gia za mbele zimeshikana meno na wenzake muda wote. Unapochagua moja, kuna kola inayotelezeshwa na mkono wako ili kuifunga kwenye shafti. Tatizo ni kasi. Tuseme gia ya tatu ina uwiano wa 1.3 na ya pili 2.0 (yaani shafti ya upande wa injini huzunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa ile ya magurudumu), na shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Ukiwa kwenye ya tatu, shafti inayotoka upande wa injini inazunguka mara 1,950. Ukitaka ya pili, lazima ifike 3,000. Klachi umekanyaga, injini imetengwa, sasa nani atapandisha hiyo mizunguko 1,050? Ni kile kipete. Kinasukumwa kwenye koni ya gia, kinasuguana nayo, na muda wote ambao kasi hazijalingana meno yake yanasimama kama bawabu mlangoni, kola haipiti. Zikilingana, pete inajisogeza kidogo, kola inaingia, wewe husikii chochote. Kabla ya Cadillac kuanza kuuza magari yenye kifaa hiki mwaka 1928, kazi hiyo ilikuwa ya dereva mwenyewe: kukanyaga klachi mara mbili na kupiga resi katikati, kwa kubahatisha.

Sasa oili, na hapa mkosaji ni mimi. Tuliyoimwaga kutoka kwenye giaboksi ilikuwa oili ya gia ya aina ya GL-5. Niliinunua mwenyewe nikidhani tano ni bora kuliko nne. Kumbe zile namba si madaraja ya ubora. GL-5 imekusudiwa zaidi difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ambako meno ya gia yanasagana kwa shinikizo kubwa mno. Nyingi zina dawa za salfa na fosforasi zinazoweza kuila shaba taratibu, na utelezi wake unaweza kuinyima pete msuguano inaouhitaji. Kitabu cha gari langu kimeandika GL-4, yenye uzito wa 75W-80. Kilikuwa kwenye droo ya dashibodi siku zote hizo.

Leo nina kilomita 11,000 tangu kazi ifanyike. Gia ya pili inaingia kwa vidole viwili, hata nikiirudisha kwa haraka mlimani. Asubuhi za baridi mkono wa gia huwa mzito kwa dakika chache za mwanzo kwa sababu oili bado ni nzito, halafu unalegea. Hilo silihesabu kuwa kasoro.

Kasoro iko gia ya tatu. Fundi aliibana pete yake kwenye koni, akapima mwanya uliobaki kwa vile vibamba vyembamba, akaniambia unakaribia mwisho wa kiwango, tubadilishe pia. Nikamwambia aiache, bado inafaa. Sasa imeanza kunong'ona nikibadilisha kwa pupa. Pete yenyewe ni kitu kidogo. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na itabidi ishushwe tena.

Nampa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu aliahidi siku mbili zikawa tano, na kwa alama ya grisi kwenye kiti cha dereva ambayo haijatoka mpaka leo. Ya gia ya tatu naibeba mwenyewe.