Zagori, Ugiriki: Milima ya Kutembelewa kwa Miguu, Si kwa Basi

Kilele cha Gamila, ambacho ndicho kirefu zaidi katika safu ya Tymfi kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, kina mita 2,497 juu ya usawa wa bahari, ilhali Lamwia, kilele kikuu cha Milima ya Ngong, kina mita 2,460. Niliziona takwimu hizo siku chache kabla ya safari, nikawatumia wenzangu watatu, ambao hupanda nao milima kila mwezi, ujumbe wa kejeli kwamba tumelipia nauli ya ndege, viza na bima ili tukapande Ngong. Kejeli hiyo ilinirudia siku ya nne, nilipokuwa nimeketi juu ya jiwe katikati ya mteremko wa Astraka, kilele kingine cha safu hiyo, huku magoti yakinitetemeka. Anayepanda Ngong kutoka Nairobi huwa amekwisha kupandishwa na gari sehemu kubwa ya njia kabla ya kufunga kamba za viatu. Mikro Papingo, kijiji tulichoanzia sisi, kiko takriban mita 980 tu, na nyumba ya wapandaji milima iliyo kwenye mgongo wa Astraka iko mita 1,950, kwa hiyo karibu mita 1,000 zote ni za miguu yako mwenyewe.

Zagori ni eneo la vijiji 46 katika jimbo la Epirus, milimani juu ya mji wa Ioannina. Mwaka 2023 UNESCO iliandikisha mandhari yake ya kiutamaduni katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na sehemu ya milima yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Vikos–Aoös iliyoanzishwa mwaka 1973. Sisi tulifika huko kwa njia mbili tofauti, na tathmini hii inahusu zote mbili. Kwanza tulifika kama abiria wa ziara tuliyouziwa na wakala mmoja wa safari jijini Nairobi, ambaye aliipa Zagori siku moja tu kati ya siku saba za Ugiriki. Kisha, wenzetu waliporejea Athens, sisi wanne tulibaki kwa gharama yetu tukalala vijijini usiku nne zaidi. Siku ile ya kwanza singemshauri mtu yeyote ailipie.

Si kwamba wakala alidanganya. Kila kilichoandikwa katika ratiba tulionyeshwa: kituo cha kutazamia cha Oxya juu ya kijiji cha Monodendri, daraja moja la mawe, chakula cha mchana, duka la asali na mitishamba. Tatizo ni kwamba tulikaa ndani ya basi kwa muda mrefu kuliko tuliokaa nje yake, na pale Oxya tulipewa dakika ishirini, ambazo nusu yake ziliishia katika foleni ya kupigia picha kwenye ukuta. Mwongozaji alirudia mara tatu kwamba Korongo la Vikos limetajwa na Guinness kuwa ndilo lenye kina kirefu zaidi duniani kwa kulinganishwa na upana wake. Rekodi hiyo ipo kweli, lakini inategemea sana mahali unapopimia, na kwa maoni yangu ndiyo sababu dhaifu kuliko zote za kwenda huko. Ukitazama kutoka juu unaona ukubwa tu. Aliyewahi kulitazama korongo la Hell's Gate kule Kenya kutoka ukingoni, kisha akashuka ndani na kugusa kuta zake, anajua kwamba hayo ni mambo mawili.

Tulishuka siku iliyofuata. Njia inaanzia Monodendri, inateremka kwa ngazi na vijia vya mawe hadi sakafu ya korongo, kisha inafuata mkondo wa mto kwa jumla ya kilomita zinazokaribia 12 hadi chini ya kijiji cha Vikos. Tulitumia saa saba, tukipumzika mara nyingi. Mwenye miguu myepesi anaweza kutumia tano. Njia imewekwa alama vizuri, na sikuona mahali ambapo mtu makini angepotea, lakini maji ya kunywa ni machache, na hili lisichukuliwe kwa wepesi, kwa maana mkondo wa mto wenyewe huwa mkavu majira ya kiangazi. Unatembea kando ya mawe makubwa meupe yaliyolainishwa na maji ambayo hayapo, chini ya miti iliyofunga kama ya msitu wa Karura jijini Nairobi, ukidhani mto ulikufa zamani. Halafu, karibu na mwisho, Voidomatis unabubujika kutoka chini ya miamba, wote kwa pamoja, maji ya kijani kibichi yaliyo safi hata ukaweza kuhesabu kokoto. Niliingiza miguu humo nikaitoa kabla sijamaliza kuhesabu hadi kumi kwa jinsi maji yalivyokuwa baridi. Kwangu mimi dakika ile pekee inalipia nauli ya kutoka Nairobi.

Korongo hilo lina historia ambayo ndani ya basi hatukuidokezewa. Hapo kale waganga wa mitishamba wa Zagori, waliojulikana mbali kwa jina la madaktari wa Vikos, walichuma humo mimea yao na kuzunguka nayo wakitibu watu katika nchi za mbali. Mbegu za habari hiyo zipo katika lile duka la asali tulilopelekwa, lakini muuzaji alikuwa na haraka ya kupokea pesa, nasi tulikuwa na haraka ya kurudi kwenye basi.

Vijiji navyo vinataka utulivu. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya kijivu na kuezekwa kwa mawe bapa, njia zimetandikwa mawe, na madaraja ya upinde yanaruka mito isiyokuwa na maji miezi kadhaa ya mwaka. Msomaji wa Nairobi ataelewa upesi fedha za ujenzi huo zilitoka wapi: wanaume wa Zagori walikwenda ughaibuni, Romania, Urusi na Istanbul, wakafanya biashara na kutuma fedha nyumbani, na kwa vile enzi za utawala wa Waturuki wa Osmani eneo hili lilikuwa na haki fulani za kujitawala, fedha hizo zilijenga shule, makanisa na madaraja. Daraja la Kokkoris, lililojengwa mwaka 1750, lilifadhiliwa na mtu mmoja wa kijiji cha Vradeto. Daraja la Plakidas la mwaka 1814, karibu na Kipoi, lina matao matatu, na mgongo wake unapanda na kushuka kama kiwavi anayetembea. Tulilifika saa moja asubuhi, kabla ya mabasi, tukawa peke yetu na mbwa mmoja mzee.

Kuhusu Vradeto kwenyewe, zipo ngazi za mawe zilizokatwa zikipindapinda mwambani, ambazo kwa karne nyingi ndizo zilizokuwa njia ya kijiji hicho hadi barabara ilipofika katika karne ya 20. Tulizipanda tukihema. Nilimfikiria mtu aliyezipanda na gunia la unga begani, na mwenzetu aliyekuwa akilalamika kuhusu mkoba wake akanyamaza.

Kitu ambacho sikukitarajia ni misitu mitakatifu. Juu ya vijiji kadhaa kuna vipande vya msitu ambavyo kwa vizazi vingi vilikatazwa kukatwa kwa amri ya dini, na katazo hilo lilikuwa na faida ya wazi, kwani miti hiyo huzuia maporomoko na mafuriko yasikifikie kijiji kilicho chini. Mara moja nilikumbuka kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu kule Pwani ya Kenya, ambazo nazo ziliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Laana ya wazee imelinda miti pande zote mbili.

Siku ya Astraka ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, nami nasisitiza kwamba si ya kila mtu. Kutoka Mikro Papingo ni mwendo wa takriban saa tatu hadi nyumba ya wapandaji, na zaidi ya saa moja kutoka hapo hadi Drakolimni, Ziwa la Joka, lililo mita 2,050 hivi. Ziwa lenyewe ni dogo. Wenyeji husimulia kwamba joka wa huku alipigana na joka wa Mlima Smolikas ulio ng'ambo, wakirushiana mawe na miti; majoka tuliyoyaona sisi ni viumbe vidogo vya majini vyenye umbo la mjusi na tumbo la rangi ya chungwa, ambavyo vinaelea karibu na ukingo bila kuogopa watu. Mwenzetu mmoja alisema amepanda saa nne kuona mijusi. Mimi niliketi pale zaidi ya saa moja, na ningekaa zaidi kama wingu lisingeanza kushuka. Anayekwenda Mei achunguze kwanza hali ya theluji kwenye njia ya juu, na anayetaka kulala katika nyumba ya wapandaji aweke nafasi mapema.

Boti ya mpira kwenye Voidomatis haikunivutia sana. Watoa huduma walikuwa makini, vazi la mpira na helmeti vilikuwa katika hali nzuri, na mandhari chini ya miti ni ya kupendeza, lakini mto wenyewe ni mpole, na aliyewahi kurushwa na maji ya Tana kule Sagana ataona anasafirishwa tu. Kwa familia yenye watoto, hata hivyo, ningeuchagua mto huu bila kusita.

Nyumba ya wageni tuliyolala ilikuwa safi na ya kawaida. Chakula kilizidi matarajio, hasa pai nyembamba ya unga na jibini inayoitwa alevropita, ambayo mama mwenye nyumba alituletea ikiwa bado inachemka mafuta. Aliposikia tunatoka Kenya alitaja wanariadha wetu kwa majina, kisha akatutazama miguu kwa shaka.

Kwa mpangaji safari: mabasi ya umma kutoka Ioannina kwenda vijijini ni machache mno, hivyo kodi gari, ukiwa na leseni ya kimataifa, ambayo AA Kenya hutoa, na ukumbuke kwamba huko wanaendesha upande wa kulia. Viza ya Schengen ni euro 90, na bima ya safari isipungue kiwango cha euro 30,000. Juni na Septemba ni miezi mizuri. Katikati ya Agosti Wagiriki wenyewe huwa likizoni na vyumba hujaa. Ukikutana na kondoo milimani, zunguka mbali, kwani mbwa wanaowalinda hawana mzaha.

Alasiri ya mwisho tuliendesha hadi Konitsa, nje kidogo ya Zagori, kuona daraja la upinde mmoja juu ya mto Aoös. Chini ya tao lake imetundikwa kengele ndogo, ambayo upepo ukiwa mkali kiasi cha kumhatarisha mvukaji hulia yenyewe. Tulisimama upande wa huku tukisikiliza kwa muda, haikulia, tukavuka.