Impact kwenye mabango ya Kigoma: fonti nene inayodai nafasi

Fonti ya Impact, iliyochorwa na Mwingereza Geoffrey Lee na kutolewa mwaka 1965 na kiwanda cha herufi cha Stephenson Blake cha Sheffield, ilikusudiwa vichwa vya habari na matangazo, na kwa kazi hiyo bado ni vigumu kuipiku. Herufi zake ni nene, zimebanwa ubavuni na hazina vijimkia kwenye ncha, huku herufi ndogo zikikaribia kimo cha herufi kubwa. Kubanwa huko kunatufaa sana sisi wenye maneno marefu: tangazo la “MIGEBUKA NA DAGAA WAKAVU” la muuzaji wa Kibirizi huenea katika mstari mmoja, na mwendesha bodaboda hulisoma bila kupunguza mwendo.

Ubaya wake huanza inapopunguzwa. Matundu ya “e” na “a” ni upenyo mwembamba tu, na wino ukitanuka kidogo huzibika kabisa. Nimeona kadi ya mwaliko ambayo jina la ukumbi lilikuwa safu ya vibonge vyeusi. (Harusi yenyewe haihitaji kupigiwa kelele kiasi hicho.) Kistari cha juu katika “ng'ombe” nacho humezwa kati ya herufi mbili nene, hivyo mchapaji hana budi kuongeza nafasi kwa mkono.

Kwa kuwa huja pamoja na Windows, haiongezi gharama. Ningeichagua kwa bango, fulana au ubavu wa boti, lakini si kwa orodha ya bei.