Kabla ya kusubiri prosesa mpya, uliza RAM imechomelewa au la

Nilisubiri miezi saba. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa ikiganda, nami nikijipa moyo kwamba kizazi kipya cha prosesa kinakuja. Kilipotoka nikanunua wiki ileile. Haikupita miezi mitatu, nayo ikaanza kuganda. Nikaipeleka kwa fundi aongeze RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Akafungua parafujo, akainua kifuniko cha chini, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi vipande vinne vyeusi vilivyochomelewa kwenye bodi. Sloti, yaani nafasi ya kuchomeka RAM nyingine, hakuna. GB 8 nilizonunua ndizo hizo mpaka mashine ife, na prosesa niliyoingoja kwa hamu muda mwingi imekaa tu, inasubiri RAM.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni kununua sasa, kizazi kilichopita, chenye sloti. Mimi ni mtu wa ThinkPad, laptopu za Lenovo, na sifichi: T14 Gen 5 ya 2024 ina sloti mbili. Anza na GB 16, ukibanwa ongeza mwenyewe. Framework Laptop 13 nayo ina mbili, tena unaweza kubadilisha bodi nzima pamoja na prosesa yake, kwa hiyo huna haja ya kusubiri kitu.

La pili ni kusubiri, iwapo tu uliyonayo bado inakufaa. Lakini upya wa prosesa haukuhakikishii sloti. Intel Core Ultra 200V za 2024 zilikuja na RAM ndani ya kifurushi cha prosesa: GB 16 au 32, basi. MacBook Air ilianzia GB 8 hadi Oktoba 2024, ndipo ikapanda kuwa 16, na haiongezeki.

Za bei ya chini? Prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 5 7520U ilitoka 2022 ikiwa na usanifu wa Zen 2 wa 2019, na inakubali aina ya RAM iitwayo LPDDR5 pekee. Ukiona LPDDR, karibu kila mara imechomelewa. Ukiona SODIMM, yaani RAM ya kuchomeka na kuchomoa, kuna sloti. Hizo za LPDDR mimi naziruka.

Kinachoniuma ni wauzaji. Wataandika rangi, uzito, hata unene wa kifuniko, lakini kama RAM imechomelewa hawaandiki. Kabla sijalipa nilimuuliza wangu, “RAM inaongezeka?” Akasema ndiyo, bila hata kuigeuza mashine. Niliporudi alinionyesha risiti: bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi.