Kliniki ya Jioni ya Malaba: Huduma Iliyosogea Hadi Jirani na Baa

Kliniki ndogo ya kupima VVU inayofunguliwa jioni karibu na maegesho ya malori hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, inastahili sifa, kwanza kabisa kwa sababu inaizungumzia pombe waziwazi bila kumsimanga mnywaji. Upimaji ni bure na majibu hutoka usiku huohuo. Hema lina pazia jepesi mno, na anayengoja nje husikia zaidi ya anavyopaswa kusikia.

Uzito wa huduma hii uko kwenye mazungumzo. Kabla ya kumtoboa mtu kidole, mshauri nasaha humuuliza hunywa mara ngapi na kiasi gani, kisha humrudisha kwenye usiku wenyewe: "Kaka, hiyo bia ya nne alinunua nani?" Swali hilo hugusa penyewe, kwa kuwa katika baa zetu anayenunua mara nyingi hutarajia malipo ya namna nyingine, na kondomu iliyomo mfukoni husahaulika au huvaliwa ovyo. Utafiti wa Rakai, wilaya ya Uganda, uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba hatari ya kuambukizwa huongezeka pale mwenzi mmoja au wote wawili wanapokunywa kabla ya kujamiiana. Wanywaji wa malwa, pombe ya kienyeji inayonywewa kwa mirija, nao huuliza kuhusu mirija ya chungu kimoja, nao hujibiwa bila kuchekwa kwamba VVU haiambukizwi kwa mate.

Kilichonivutia zaidi ni ushauri kwa wanaotumia ARV, yaani dawa za kufubaza VVU. Wengi huruka vidonge siku ya kunywa, wakiamini kwamba dawa na pombe zikikutana zitawaua, na kwa njia hiyo huvipa virusi nafasi ya kuongezeka mwilini. Hapa huambiwa wapunguze pombe, lakini kidonge wakimeze kwa saa yake hata kama wamekunywa.

Kasoro kubwa ni PEP. Dawa hizi za kuzuia maambukizi baada ya tukio la hatari zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza uwezo wake, kisha humezwa kwa siku 28. Kliniki hii hutoa barua tu ya kwenda kituo cha mchana, hivyo aliyeteleza usiku wa Jumamosi hungoja hadi Jumatatu asubuhi, muda ukiwa umeliwa karibu nusu. Kuwafuata watu baani na kuiacha dawa ya dharura kabatini kwingine ni kazi iliyokatishwa njiani. Anayetaka kuacha pombe naye hupewa kijikaratasi cha Kiingereza, basi.

Hata hivyo ningemshauri dereva yeyote apite, ila awahi kabla hajaanza kunywa, kwa sababu aliyelewa hapimwi: huombwa arudi siku nyingine, maana mlevi hawezi kutoa ridhaa ya kweli, na kwa hilo wahudumu wana haki.