Sakafu ya mbao Goma: ununue nini kwanza

Nyumba nyingi za mbao hapa Goma zimesimama juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na mlipuko wake wa 2002 haukutuachia uwanja tambarare. Sakafu ikianza kuyumba, mara nyingi ubao hauna kosa: shevroni (boriti ya mbao inayobeba sakafu) imeoza chini, au kifusi kimetitia. Ng'oa mbao mbili utazame kabla ya kuulizia bei sokoni.

Pesa ya kwanza iende kwenye shevroni. Zipange kila sentimita 40, kisha pima usawa kwa bomba la mpira mwangavu lililojaa maji, kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine. Penye bonde, kaza kipande cha ubao mgumu. Ukiruka kazi hii, hata mbao za bei kubwa zitalala zimepinda.

Ninaweka mbele mvule mkavu. Ni ghali na ni mzito, lakini mchwa hawaupendi, tena siku ya kuhama unaung'oa na kwenda nao. Kwa familia isiyo na hakika na kiwanja chake, hilo ni jambo kubwa.

Wa pili ni tripleksi (plaiwudi) ya milimita 18. Bamba moja la sentimita 122 kwa 244 hufunika karibu mita 3 za mraba, na chumba kinanyooka siku hiyo hiyo. Maji ndiyo adui wake, kingo huvimba, jikoni usiiweke.

Wa tatu ni mkalitusi, ambao ndio wengi wetu tunaumudu, kwa hiyo uchague kwa makini sana. Uliopasuliwa majuzi hununuliwa umenyooka, kisha hujikunja na kuachia nyufa. Nyanyua mbao mbili za kipimo kimoja: iliyo nzito zaidi bado ina maji. Funga jicho moja, tazama ukingo wake toka mwisho hadi mwisho. Bora ununue mapema, uzipange kivulini zikitenganishwa na vijiti, mawe juu, miezi 2 au zaidi. Wakati wa kupigilia, acha nafasi ya sentimita 1 ukutani.

Simenti naiweka mwisho kwa nyumba ya mbao tu. Ikigusa kuta hushika unyevu, na mbao za chini huoza. Jenga kwanza msingi wa mawe, nayo ni bajeti nyingine.

Misumari: kwa ubao wa sentimita 2.5, chukua ya sentimita 6 au 7. Mifupi huchomoka ubao ukikauka.