RTL-SDR V3 kwa kusaka chaneli tupu za TV mjini Tanga

Kwa anayejifunza redio tambuzi, ile inayojitafutia chaneli iliyo wazi na kuiachia mwenye leseni akirudi, kipokezi hiki kidogo cha USB ni bei poa na kinatosha kuanzia. Kina tuna (chipu inayochagua masafa) ya R820T2 na kinapokea kuanzia takriban MHz 24 hadi 1,766.

Kazi iko kwenye UHF, bendi ya masafa ya TV: MHz 470 hadi 694, chaneli 28 (21 hadi 48), kila moja MHz 8. Kipokezi kinasoma kama MHz 2.4 tu kwa wakati mmoja, hivyo chaneli moja hupimwa kwa vipande vinne. Amri inayofaa ni hii:

rtl_power -f 470M:694M:100k -g 30 -i 10 tanga.csv

Usiache geini (kiasi cha kukuza mawimbi, ile -g 30 kwenye amri) ijipange yenyewe. Ikifanya hivyo, kiwango cha kelele hupanda na kushuka, na kizingiti ulichoweka, yaani nguvu ambayo juu yake unahesabu kuwa chaneli inatumika, hakina maana tena. Acha kifaa kipate moto kwanza, chomoa antena, funga mahali pake tamineta (kizibo chenye ukinzani) ya omu 50, kisha pima: hiyo ndiyo kelele yako. Weka kizingiti desibeli 3 juu yake. Ukitilia shaka mawimbi fulani, punguza geini kwa desibeli 10. Ya kweli yatashuka kiasi hichohicho. Yakiporomoka zaidi, ni kivuli cha kituo chenye nguvu kilichokizidi kipokezi, mara nyingi cha FM. Dawa yake ni kichujio cha kuzuia MHz 88 hadi 108.

Kosa la kawaida ni kukokotoa wastani wa chaneli nzima. Maikrofoni ya ukumbi wa harusi hutumia kama kHz 200. Ukiisambaza kwenye MHz 8 inafifia kwa desibeli 16, na chaneli itaonekana tupu. Angalia kila kipande cha kHz 100 (ile 100k kwenye amri) peke yake.

Pima juu ya paa. Chini, kati ya nyumba za Ngamiani, hutasikia kituo ambacho antena ya jirani inakipata vizuri. Raskazone pima usiku na mchana, maana hewa ya baharini huweza kuleta mawimbi ya mbali kwa saa chache tu. Kiungio cha nje kizungushie utepe wa mpira, chumvi inakila.

Ila kifaa hiki hakithibitishi kuwa chaneli ni tupu. IEEE 802.22, kiwango cha kimataifa cha redio tambuzi kwenye chaneli za TV, inataka TV ya dijitali igunduliwe hata ikiwa dhaifu kuliko kelele ya asili, ambayo kwenye MHz 8 peke yake ni kama dBm -105 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Kupima nguvu tu hakufiki huko. Kwa kazi hiyo nunua kipokezi kinachomeza chaneli nzima, mfano HackRF One, na utumie programu inayotambua muundo wa mawimbi ya DVB-T2, mfumo wa TV ya dijitali. Kurusha ni mpaka upate kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.